Mnara wa Sola na Ndugu Yake wa Pisa

Mmenisumbua tangu Jumapili. Bibi tuandikie, bibi wewe ndiye unayejua. Kwani Joakim hana mkono? Alirudi kutoka Pisa na picha arobaini, si asimulie yeye? Mimi herufi zangu nilizipata kwenye ngumbaru, tena nilitoroka kabla hazijaisha. Haya, shikeni, na asinirekebishe mtu.

Mhoja ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ni mwashi na mchimba visima hapa Sola, na nusu ya maji mnayokunywa huku mkimsema aliyatoa yeye. Miaka minne iliyopita alikijengea kigango chetu mnara wa kengele, wa matofali ya kuchoma. Aliiambia kamati msingi ushuke zaidi, maana udongo wetu mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Kamati ikasema askofu anakuja, jenga. Akajenga. Askofu akaja, akabariki, akaenda zake. Mvua ya pili mnara ukaanza kuinama upande wa magharibi, taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta.

Jina la Mhoja likaisha hapo. Watoto wakiona mti umepinda wanasema umejengwa na Mhoja. Mtu wa Migato aliyekuwa amemwita kuchimba kisima akatuma salamu kwamba amepata fundi mwingine. Na Joakim, mwenyekiti wa kamati, yule yule wa "askofu anakuja", akatangaza kanisani kwamba baada ya Pasaka mnara unabomolewa, na safari hii atatafutwa fundi mwenye akili.

Basi marafiki wa parokia huko Pisa, Italia, waliotusaidia visima, wakaalika watu wawili. Joakim akaenda kwa sababu ya cheo. Mhoja akaenda kwa sababu wageni walimtaja kwa jina. Joakim alicheka njia nzima.

"Mhoja, dunia yote hii, unapelekwa kwenye mnara uliopinda! Ukifika, wasalimie ndugu zako."

Kuna uwanja wa majani kule, na juu yake kanisa kubwa la mawe meupe, nyumba ya mviringo ya kubatizia, na makaburi ambayo wanasema udongo wake uliletwa kwa meli kutoka Golgota. Udongo, kwa meli! Na hakuna aliyewacheka. Pembeni ndio mnara wenyewe. Watu wazima wamesimama mbele yake wamenyoosha viganja hewani, wapigwe picha kama wanausukuma. Joakim akajipanga nao.

"Piga tena, hapo mikono haijagusa!"

Mhoja alipiga, kisha akatoa timazi yake mfukoni, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Akapima kanisa. Akapima nyumba ya ubatizo.

"Joakim, hata hivi vimeinama."

"Kunja kamba yako, watatudhania wezi!"

Penye mnara Mhoja alilala kifudifudi achungulie msingi. Mlinzi akaja mbio. Bahati yao walikuwa na Sista Elizabeth, binti wa Bariadi anayesoma kule, akaeleza kwamba huyu mzee haumwi, ni mwashi. Mlinzi akacheka, akakaa naye chini. Akasema mnara ulianza kuinama ukiwa na ghorofa tatu tu, kwa ajili ya udongo laini. Mwaka 1990 waliufunga watu wasiupande kwa zaidi ya miaka kumi, na kilichouokoa ni kutoa udongo chini ya ule upande ulioinuka, mpaka ukashuka ukarudi.

"Muulize, kila siku walitoa kiasi gani?"

"Anasema kidogo sana, wakapima, wakangoja."

Baada ya hapo Mhoja hakutazama kitu kingine. Walimnunulia aiskrimu ikamyeyukia mkononi.

Huku nyumbani watu walijaa kuangalia picha za Joakim. Wakamgeukia Mhoja, na wewe umeona nini? "Udongo," akasema. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kwaresima ilipoanza akachukua bomba lake la kuchimbia, akaenda upande wa mashariki. Joakim akaja anahema.

"Unachimba upande uliosimama? Umerogwa?"

"Ule wa magharibi umeshuka. Nataka na huu ushuke."

Padre akasema mwacheni hadi Pasaka. Basi kila asubuhi nusu ndoo, anapima, anangoja. Alining'iniza timazi ndani kutoka juu, akaweka alama ya chaki sakafuni. Wiki mbili uzi haukusogea. Nilimpelekea uji, nikaukuta jioni umeganda. Wiki ya tatu ukasogea unene wa ukucha. Jumamosi Kuu ilipofika, vidole vitatu! Akajaza mawe na chokaa, akachimba mtaro wa kupeleka maji mbali.

"Mbona hujaunyoosha wote?" nikamuuliza.

"Nikizidisha, dada, utanidondokea."

Pasaka imepita, nyundo za kamati zinaota kutu, na yule mtu wa Migato amekumbuka kusalimia tena. Joakim je? Ametundika picha yake ofisini kigangoni, ile ya viganja, na chini ameandika: Mwenyekiti akijifunza kunyoosha mnara. Wageni wa Lagangabilili wanaitazama wanatikisa vichwa kwa heshima.

Mmesoma, sasa nilipeni. Mkipita ofisini, futeni maneno yale, muandike MHOJA. Herufi tano tu. Mimi nilijaribu, nikafika kwenye H, Joakim akaingia.