Waliomaliza Miezi Mitatu

Kakangu mdogo alikuwa akianguka kifafa tangu utotoni, na mama alipokufa mwaka mmoja baada ya baba, dawa yake ikawa kazi yangu. Niliacha shule kidato cha pili. Nikapata kibarua kwenye duka la dawa huku mtaani Umoja, upande wa Mowlem, nikipiga deki na kupanga chupa. Mwenye duka alikuwa mfamasia aliyesoma kweli, na watu wote walimwita daktari.

Mwaka huo kampuni moja ilimletea vidonge vipya vya kifafa avigawe bure. Sharti lilikuwa aandike daftarini kila anayevitumia, na baada ya miezi mitatu amuulize kama sasa anaanguka mara chache kuliko zamani. Daftari nililishika mimi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Aliyekuja kila wiki nilimwekea alama. Aliyekosa mara mbili nilimpigia mstari mwekundu, akatoka kwenye hesabu. Jina la kakangu nililiandika kwa furaha, maana vidonge vya zamani vilimlaza mchana kutwa, na fundi wa viti aliyekuwa akimfunza kazi kule Gikomba alikuwa amechoka kumwamsha.

Mwezi wa kwanza alikaa macho. Mwezi wa pili akaanza kuanguka mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Nikamwambia daktari.

"Mtu mmoja si ushahidi," alisema bila kuinua kichwa. "Tunaangalia kundi."

"Na kundi linasemaje?"

"Linaendelea vizuri sana. Wewe uliacha shule lini vile?"

Mteja mmoja akacheka. "Daktari, mwache, huyo ni profesa wa deki."

Nilimaliza kupiga deki nikifikiria shule yangu. Kila mwaka ilijisifu mbele ya wazazi kwamba karibu wote waliofanya mtihani wamefaulu. Sisi tulioondoka kabla ya mtihani hatukumharibia mtu sifa. Nikafungua daftari, na safari hii nikasoma mistari myekundu. Ilikaribia kuwa mingi kama majina yaliyobaki.

Jumapili mbili, baada ya kanisa, niliwatafuta watu wa mistari hiyo. Hapo Mowlem, mama mmoja alinifungulia mlango kwa mkono uliofungwa bandeji. Alikuwa ameangukia jiko, akarudia vidonge vya zamani. Kule Komarock, mwenye nyumba aliniuliza, "Yule jamaa? Tulishamzika. Wewe ni wa kampuni?" Wengine walikuwa wamehama tu, nao nikawaandika hivyo kwenye karatasi yangu, maana sikutaka kudanganya.

Daktari aliisoma karatasi yangu yote, hilo sitamnyima.

"Hawa hawakumaliza," akasema. "Kampuni inahesabu waliomaliza."

"Wengine walishindwa kumaliza kwa sababu ya hiyo dawa."

"Basi niletee mmoja aliyemaliza na akaumia. Huyo lazima nimwandike."

Kakangu alikuwa amebakiza wiki tatu. Vidonge vya zamani vilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, na ningeweza kumpelekea jioni ile ile. Lakini nilitaka aandikwe. Nilitaka daktari alazimike kuandika, kwa mkono wake, kwamba huyu alimaliza na dawa ilimuumiza.

Dadangu mdogo, aliyekuwa darasa la saba, alinikabili nikipika.

"Siz, leo ameanguka mara mbili kwa ploti. Wapangaji wanamwita Stima-Imepotea, eti anazima kama taa. Mrudishie zile za zamani."

"Wiki tatu tu."

"Za nini?"

Nikaeleza. Kakangu aliyekuwa akinisikiliza kitandani akacheka. "Wacha nimalize, siz. Chakula chako nakimaliza, dawa itanishinda?"

Zikiwa zimebaki siku tano, Jumamosi, alikuwa akifua ovaroli yake kwenye bomba la ploti. Akaangukia uso ndani ya beseni. Maji hayakuwa yanafika hata kiwiko. Majirani walidhani ameinama anasugua.

Niliporudi kazini baada ya mazishi, daktari alinipa pole, akanivutia kiti, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Kisha akalivuta daftari.

"Alikuwa amebakiza siku tano, sivyo?"

"Tano."

"Basi hakumaliza." Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma kipimo. Kalamu nyekundu aliishika yeye mwenyewe. Alikuwa ananionea huruma.

Jioni nilimkuta dadangu amekaa sakafuni.

"Ulijua zinamuumiza?"

"Nilijua."

"Na zile zingine zilikuwa wapi?"

"Dukani. Nyuma yangu."

Nilimlea miaka mingine sita katika chumba hicho hicho, hadi akamaliza kidato cha nne. Alikula nilichopika, akavaa nilichomnunulia. Hakuniita siz tena.