Joto la Chumba cha Bi Rukia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku niliyokuwa na neno la kusema nikalimeza. Wazee wengi watakuusia juu ya maneno waliyoyatamka wakayajutia. Langu mimi ni la upande wa pili.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mji wa Kale, katika kaskazi kali ambayo waliokuwapo huitaja mpaka leo. Joto liliingia asubuhi na usiku halikutoka. Watu waliviacha vitanda wakalala juu ya sakafu tupu. Paka wa mtaa walihamia msikitini, kwenye saruji iliyolowa maji ya udhu, na hakuna aliyewafukuza.

Mimi nilikuwa msichana ambaye shule ilimkatikia njiani. Baada ya darasa la nane sikuendelea. Kwa kuona haya, nikajifundisha mwenyewe kila nilichokipata, na kilichonishika zaidi ni hali ya hewa. Mjomba wangu aliyefanya kazi gati ya Mbaraki alinipa kipimajoto cha ukutani, nikakitundika chini ya ngazi ya nyumba yetu. Taarifa ya habari ikikaribia kwisha, nilibandika sikio kwenye redio nisikie utabiri wa Pwani. Majirani wakazoea kuniuliza. Nilipenda kuulizwa, lakini kukosea nilikuogopa kama ugonjwa. Nilikuwa mtu wa kufua tena nguo iliyokwisha kufuliwa, nikihofu kuna doa ambalo wengine wataliona.

Na kukosea nilikuwa nimekwisha kukosea. Wiki chache kabla, redio ilitabiri mvua Pwani, nami nikapita nyumba kwa nyumba nikiwahimiza kina mama waondoe embe za achari walizoanika juani. Wakaziondoa, wakazirundika ndani kwenye mabeseni. Mvua ikanyesha Kwale. Sisi hatukupata hata tone, na embe zikaota ukungu.

"Mvua yako imepotelea wapi, bibi wa redio?" aliniuliza Da Mwanaisha, jirani yetu wa mkabala, beseni la embe mbovu likiwa mkononi. "Au iko Mwembe Tayari, yangoja basi la Nairobi?"

Kichochoro kizima kikacheka. Nami nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Sasa, huyu Da Mwanaisha alikuwa na mama yake, Bi Rukia, aliyekuwa akikaa eda ya mumewe. Bibi huyo alikaa chumba cha juu kabisa, chini ya mabati, na dirisha la upande wa njia limefungwa ili wapita njia wasimwone. Chini kulikuwa na chumba chenye kuta nene za mawe, chenye ubaridi mzuri. Lakini humo ndimo wanawe wa kiume walimoshonea kanzu. Ramadhani ilikuwa ikikaribia, vitambaa vya Idi vimeanza kuletwa, na wateja waliingia na kutoka kutwa. Eda haikumkataza mama kuteremka. Kilichomkataza ni vyerehani. Kumteremsha kulitaka kazi ya msimu ivunjwe.

Asubuhi moja Da Mwanaisha akanijia, jasho likimtiririka.

"Bibi wa redio, leo sina utani. Joto hili lapungua lini? Ikiwa ni kesho, mama atastahamili. Ikiwa bado, niwaambie kina kaka wahamishe vyerehani, na wanune wapendavyo."

Mwanangu, nilikuwa nimekwisha kusikia. Utabiri wa asubuhi ileile ulisema joto litaendelea Pwani nzima na usiku hakutapoa. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliziona zile embe, nikakisikia kichochoro kikicheka.

"Sijahakikisha, Da Mwanaisha. Nipe mpaka kesho."

"Haya. Wewe ndiye mjuzi."

Jioni redio ikarudia yaleyale. Nikajiambia, ngoja nisikie ya asubuhi. Asubuhi ikasema vilevile, nikaenda kutazama kipimajoto changu, nacho hakikunitisha sana. Basi ngoja ya mchana. Mchagua jembe si mkulima, nami siku zile nilichagua majembe mpaka jua likapita utosini.

Baada ya adhuhuri nikasikia ukelele. Bi Rukia ameanguka.

Nilipanda mbio. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chumba kile tangu joto lianze, na hewa yake ilinipiga uso kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Bibi amelala sakafuni, ngozi kavu, akimwita marehemu mumewe kwa jina. Wanawake tukamsitiri kwa leso tulizojitanda, tukamkalisha kitini, tukamteremsha ngazi ile iliyosimama wima, huku wanawe chini wakivitupa vyerehani nje na vitambaa vyeupe vya kanzu vikiburura vumbini. Vile vyerehani vilivyokuwa havihamishiki vilihamishwa kabla hatujafika ngazi ya mwisho. Tukammwagia maji, tukampepea. Daktari alipofika alisema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa twatafuta sanda.

Nilisimama ukutani na jagi la maji. Da Mwanaisha akainua uso akanitazama.

"Je, umeshahakikisha?"

Kisha akamgeukia mama yake, akaendelea kumpepea.

Bi Rukia alipopata nguvu akatuma niitwe. Nilimkuta ameegemea mto katika chumba kile cha chini, uzi wa cherehani bado umetapakaa sakafuni.

"Njoo uketi hapa karibu. Nasikia ulijua."

"Nilisikia, Bi. Sikuwa na hakika."

"Hakika ni ya Mwenyezi Mungu. Wewe uliulizwa ulilosikia. Zile embe ziliharibika kwa kusema kwako, sivyo?"

"Ndiyo, Bi."

"Nami nusura niharibike kwa kunyamaza kwako. Embe zina msimu mwengine. Rukia je?"

Nilitaka kulia, lakini yeye alikuwa akicheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi. Nikampa maji. Alipokwisha kunywa, akaniuliza tena.

"Hicho kipimo chako wakiweka wapi?"

"Chini ya ngazi, Bi. Kivulini."

"Na nani alalaye chini ya ngazi?"

"Hakuna, Bi."

"Redio yasema na Pwani yote, Lamu mpaka Vanga. Haiyajui mabati yangu, na si kosa lake. Wewe wayajua. Pasingekuwa na cha kuhakikisha kama ungepanda ngazi ukanitazama."

Alibaki katika chumba kile mpaka eda yake ilipokwisha, na wanawe wakashonea barazani chini ya turubai, wakinung'unika na kumaliza kanzu zao. Nami nikabadili namna ya kuwajibu majirani. Nilisema, "Redio yasema hivi, huku kwetu sijui, lakini mfungulieni bibi yenu dirisha." Mara nyingine nilikosea. Nilichekwa, na nikaenda kupika chakula cha mchana kama kawaida.

Mwanangu, usidhani nimepona. Hata haya ninayokuandikia, sentensi ya kwanza nimeifuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Hofu ya kukosea haijanitoka, ila nimejifunza kutoiachia ufunguo wa mdomo wangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wasema wahenga, nami naongeza kuwa mara nyingi tumbo linaloumia si la yule anayengoja. Ukijua nusu ya jambo, na mwenzio aihitaji, mpe hiyo nusu, umwambie wazi kuwa ni nusu. Akikucheka kesho kwa kuwa hai, umepata faida. Na ukitaka kujua joto ni kali kiasi gani, usipime pale unaposimama wewe. Panda mpaka kwa aliye chini ya mabati.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuchekwa na miguu isiyoogopa ngazi. Na nyumba utakayozeekea, ajaalie awemo mtu wa kukufungulia dirisha kabla hujamwomba.