Mtaro wa Sentimita Kumi

Wanafunzi walimwita Chekecheke, kwa sababu ya chombo alichoshinda nacho kutwa akichekecha mchanga. Alikuwa fundi wa maabara ya udongo chuoni, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba mumewe ameajiriwa kucheza mchanga. Hakuwa amekosea sana.

Kazi yake kubwa ilikuwa kujaza sanduku la mbao lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Chekecheke lilining'inia kwa mnyororo, mchanga ukanyesha polepole. Ukianguka kutoka juu hushikamana. Ukianguka kutoka karibu hulegea. Kimo cha kuangushia kilikuwa sentimita themanini, si zaidi wala si pungufu.

Mwaka huo watu wa mtaa mmoja walikilalamikia kiwanda cha kusaga kokoto: kuta zinapasuka, vikombe vinacheza kabatini. Kiwanda kikataka kujua kama mtaro wa kina cha mita mbili, ukichimbwa kati ya mashine na nyumba, ungeuzuia mtikisiko. Mhadhiri aliyesimamia maabara, ambaye wote walimwita Daktari, aliamua kuanza na mfano mdogo, kila kitu kikipunguzwa mara ishirini. Mita mbili zikawa sentimita kumi. Mashine ikawa kitikisio cha ukubwa wa kopo la maziwa. Nyumba zikawa vipimo vinane vya mtikisiko, vidogo kama vidole gumba, vimepangwa ng'ambo ya mtaro.

Kipimo cha tatu kilikaa mahali pa nyumba ya dada yake. Hilo hakumwambia mtu.

Jaribio la kwanza lilitoa majibu mazuri: mtikisiko ulipungua zaidi ya nusu. Jioni ile Chekecheke akapitia kwa dada yake, mjane aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akashindwa kuzuia ulimi. Kesho yake dada akaita mwashi azibe nyufa na kupaka sebule rangi, kazi aliyoiahirisha miaka miwili.

Siku ya nne, alipokuwa akifagia maabara, Chekecheke aliona chini ya meza ndoo moja na nusu za mchanga. Alikuwa ameziona siku ya kujaza, akadhani wanafunzi wamechota zaidi. Lakini sanduku lile siku zote lilimeza ndoo ishirini na mbili; safari hii lilikuwa limejaa kabla hazijaisha. Akachukua futi, akapima. Wiki iliyotangulia walikuwa wamefunga mnyororo mpya, mrefu kuliko wa zamani. Chekecheke lilikuwa limening'inia kwenye hamsini na tano.

Akaweka futi chini, akaenda ofisini. Daktari alikuwa anamalizia ripoti.

"Daktari, mchanga ule ulikuwa umelegea. Kosa ni langu."

Daktari akauliza kwa kiasi gani, akaambiwa. Akavua miwani. "Kwenye mchanga uliolegea mawimbi huwa mafupi," alisema, "na wimbi fupi huzuiwa hata na mtaro wa kina kifupi. Ardhi ya kule je?"

"Imeshikamana. Naijua, dada yangu anakaa kule."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utanitoa kwenye kazi hii."

"Ningekutoa kweli," Daktari alisema. "Sasa nenda kajaze sanduku. Mnyororo nitaupima mwenyewe, na vipimo atasoma mtu mwingine."

Walirudia mara tatu. Mtaro wa sentimita kumi ulipunguza mtikisiko kidogo tu, kiasi ambacho mtu kitandani asingekitambua. Walipofika sentimita ishirini ndipo ukashuka kwa nusu. Ripoti ikasema mita nne. Kiwanda kilipokea kwa kununa.

Ilibaki kwenda kwa dada. Sebule bado ilinuka rangi. Alimweleza yote akiwa amesimama, na dada alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo ukuta utapasuka tena?"

"Wakichimba mita mbili, utapasuka. Wakichimba nne, huenda ukapona."

"Na watachimba nne?"

"Hilo halimo kwenye sanduku langu, dada."

Dada akamwambia kwamba mtu mzima hufunga mdomo mpaka awe na uhakika. Chekecheke alikubali. Wiki tatu hakusemeshwa. Salamu zilipita kwa watoto.

Kiwanda kilichimba baada ya miezi minane, mita tatu na nusu, wakakutana na mwamba, wakaishia hapo. Vikombe vilitulia. Ufa mmoja ulirudi nyuma ya mlango, mwembamba kama unywele, ukasimama usiendelee; dada akausogezea kabati. Daktari alipotaka kupima mtikisiko kulekule mtaani, safari hii alimwomba Chekecheke waende pamoja. Chekecheke alikaa chini uani kwa dada yake asubuhi nzima, kifaa magotini, akisoma namba kwa sauti Daktari akiandika. Kwenye saa nne hivi dada alitoka na kiti, akampa, akarudi ndani kuendelea na kazi zake.