Aliyeinuka Kutunza

Mlango wangu unatazamana na mlango wa mjane mmoja wa Kihindi, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Wanangu wamemwita Masi tangu wakitambaa, neno la kwao la mama mdogo, na mimi nikalichukua humo humo ingawa kanizidi umri. Asubuhi anapiga kinanda chake cha kuvuta upepo, mkono mmoja unapiga na mwingine unavuta, akimwimbia Mungu wake. Chini, kwenye duka la simu, vijana wanafungulia singeli mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mtaa wa nyuma kuna kwaya inafanya mazoezi, na wana sauti moja nzito hiyo, ningemjua mwenyewe ningempelekea maandazi. Watu wananiuliza navumiliaje kelele zote hizo. Sivumilii chochote, mimi napenda.

Ila nimejifunza kwamba watu wawili wanaweza kuupenda wimbo mmoja na kila mtu akawa amesikia lake. Kwetu sisi tunasikiliza maneno. Mama yangu alikuwa anafagia redio ikiimba, ukifika ubeti uliomgusa anasimama na ufagio mkononi, anasema, "Haya, mwambie huyo!" Nani anayeambiwa, tulikuwa tunajua. Masi maneno anayaweka pembeni. Nilikuwa nikimwekea taarab jikoni kwangu, nianze kumweleza mwimbaji anamsema nani na kwa nini, ananinyamazisha kwa kidole: "Ngoja, dada, maneno baadaye. Sikiliza fidla inapopanda." Nilimcheka sana. Nilimwambia taarab bila maneno ni chai bila majani.

Binti yangu wa kwanza alipoolewa, tulifanya sherehe ya wanawake kwenye ukumbi mmoja Kariakoo, alasiri, na upande wa bwana harusi wakaleta kikundi cha taarab. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, nilimketisha mbele kabisa, karibu na jukwaa. Ilikuwa haki yake. Binti yangu kakulia nusu kwangu nusu kwake, na nguo ya harusi alihangaikia yeye. Lakini alikuja pale moyo haujapoa. Mumewe alikuwa amempa talaka muda si mrefu na kuoa mwingine, na ukoo mzima ulikuwa umeshalijadili jambo hilo kila walipokutana watu wawili na birika la chai.

Asiyejua mambo yetu inabidi nimweleze hapa. Kwenye taarab mtu hainuki ovyo kwenda kumtunza mwimbaji. Unangoja ubeti wako. Ubeti ukifika unainuka na noti yako, unakwenda taratibu kwa madaha, unampa, na maneno yanayoimbwa wakati huo yanakuwa yako. Ni kama umeyasema kwa mdomo wako, na kila mwanamke ukumbini anajua unamsema nani. Watu wamekosana maisha kwa noti moja tu.

Kikundi kikapiga wimbo wa zamani, wa mwanamke aliyeshindwa kumtuliza mume, anaulizwa sasa atamsimulia nani. Nilimwona mdogo wangu akitazama glasi yake ya juisi. Ukafika ubeti ule wenyewe, mbaya kuliko zote, na kinanda kikaiga sauti ya fidla kikapanda nayo juu. Masi akainuka.

Alikwenda moja kwa moja mbele, akasimama baina ya jukwaa na meza ya mdogo wangu, maana nafasi ilikuwa hapo tu. Akaizungusha noti juu ya kichwa cha mwimbaji, mara kadhaa, ndivyo wanavyofanya kwao kumkinga mtu na jicho baya, kisha akampa. Akageuka, uso ukaelekea meza ile, na alikuwa anatabasamu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mwimbaji naye, kuona hivyo, akaurudia ubeti. Mdogo wangu alichukua mkoba wake akatoka kabla pilau haijaletwa, na mimi, mama wa bibi harusi, nilibaki nimekaa na mapambo yangu kichwani.

Masi alirudi kwenye kiti chake machozi yakimtoka. Akaniambia muziki wa wimbo ule anaujua, ni wa kwao, maneno tu ndiyo yetu; mama yake alikuwa akiuimba akisugua masufuria, ulitoka kwenye sinema ya zamani ya Kihindi hata jina lake kalisahau. Hakuwa ameusikia tangu mama yake azikwe, nikataka kusema, kisha nikakumbuka wao hawaziki, wanachoma. Sikuwa na moyo wa kumweleza alichofanya. Alielezwa kesho yake ngazini na mama mmoja wa ghorofa ya chini ambaye mambo kama hayo hayamkawizi.

Kuanzia hapo kinanda chake kikanyamaza. Mdogo wangu hakupokea simu zangu. Nilimfuata Mchikichini anakouza magauni ya mitumba, nikamkuta anafungua mzigo. Nikamsalimia, akaitika kama anavyomwitikia mteja.

"Masi hakujua," nikasema. "Kwao mtu anatunza sauti. Maneno hakuyasikiliza kabisa."

"Kaishi Bongo tangu kuzaliwa. Hajui Kiswahili?"

"Anajua. Hajui kutunza."

"Sawa, dada." Akakung'uta gauni vumbi likatujaa. "Umemaliza kumtetea? Maana nina kazi."

Niliondoka nimemchukia, na nimejichukia, na Masi nimemchukia pia, nisiseme uongo. Na nyumbani je? Nyumbani kila aliyekuja alinipa pole kwa tabia za yule Mhindi. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mbele. Alikuwa anatikisa kichwa: "Watu hawa hata ukae nao vipi." Nami nilimjibu kwa adabu kwamba Masi hakukusudia, nikamwongezea chai.

Mwaka ukazunguka, binti yangu akajifungua mtoto wa kike, akaja kwangu kukaa uzazi. Ikakaribia arobaini, siku ya mzazi kutoka nje na ukoo kuja kusoma dua. Binti yangu akasema waziwazi: mama yake mdogo wa Mchikichini asipokuwepo, yeye hatoki chumbani. Alilia mpaka maziwa yakapungua. Nikaenda kumgongea Masi kumwambia tu, kwa kukosa pa kusemea. Akafunga sari yake vizuri, akavaa kandambili. "Nipeleke kwake," akasema.

Tulikwenda kwa bajaji mpaka Mchikichini. Mdogo wangu alituona tunakuja, akaendelea kukunja. Jirani yake wa viatu alikuwa na spika kubwa imefunguliwa singeli hadi mwisho. Masi hakusalimia wala hakuomba radhi. Alisimama mbele ya meza ya magauni, akafumba macho, akaanza kuuimba wimbo ule kwa maneno ya kwao. Sauti yake ni ya kizee na singeli iliifunika mara kwa mara, lakini pale inapopanda niliisikia. Nilisikia na kitu kingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia wimbo ule bila kungoja maneno, na nikaona uzuri wake, nikaona aibu kwa ile chai yangu bila majani. Yule kijana wa viatu akapunguza spika.

Alipomaliza, akasema, "Hapa mama anambembeleza mtoto asilale mpaka baba arudi. Basi, hakuna kingine, mwanangu. Mimi nilimsikia mama yangu tu."

Mdogo wangu alikuwa ameshika gauni kifuani. "Najua, Masi," akasema. "Nilijua tangu siku ile. Ulifumba macho. Anayekupiga kijembe hafumbi macho, anakutazama aone kimeingia wapi."

"Sasa mbona umekaa kimya mwaka mzima?" nikadakia mimi, hasira zimenipanda. "Unamtesa mama wa watu!"

Akanigeukia. "Masi alifumba macho, na wewe je, hukuona? Aliyepiga kigelegele cha kwanza nani? Aliyeinuka nyuma yake na noti yake, na macho yake kanikazia, nani?"

Nilikuwa nimeona. Alikuwa shangazi, na binamu zetu wawili nyuma yake. Tulikuwa tumemtwisha Masi mzigo wote kwa sababu kuubeba mwingine kungetulazimu kumsema mkubwa wetu. Masi akamshika mkono mdogo wangu, wakakaa wote wawili kwenye mzigo wa nguo, na hakuna aliyenikaribisha nikae.

Siku ya arobaini mdogo wangu alikuja. Nilisikia hatua zake ngazini, nikafungua mlango kwa furaha. Alinisalimia, akageuka, akaingia kwa Masi. "Mtoto nitamwona huku," akasema.

Kwangu sebule imejaa, mikeka imetandikwa, dua imeshasomwa, ubani unafuka, binti yangu bado hajatoka chumbani. Shangazi amekaa mahali pake pa heshima na mtoto mapajani. "Mdogo wako yuko wapi?" akaniuliza. "Bado tu ana kinyongo na yule Mhindi?"

Mwanamke huyu ndiye aliyenifunda mimi, sijawahi kumjibu neno. Nikainama nikamchukua mtoto mapajani kwake.

"Shangazi, yuko mlango wa pili, kwa Masi. Hana kinyongo na Masi. Ana kinyongo na nyinyi mliopiga vigelegele, mnaojua maana yake. Mlango uko wazi, nendeni mkamtake radhi."

Niliwatazama mmoja mmoja, na wao wakitazama mikeka. Kule ukumbini walikuwa wepesi wa kuinuka. Sebuleni kwangu hakuinuka mtu, nikatoka na mtoto peke yangu, kwenda kwa Masi.