Foleni ya Supu ya Dada

Shughuli nzima ilinigharimu elfu kumi na saba na mia tano, saa moja ya mkononi iliyozama kwenye supu, na chapati za bure ambazo dada yangu alinikatia bila notisi. Hizo elfu kumi na saba na mia tano ni za kamba ya kupangia foleni na vyuma viwili vya kuifungia, tena baada ya kuvutana. Muuzaji alianzia ishirini na nne. Nilijifanya naondoka mara mbili, maana ukiondoka mara moja tu wanajua utarudi.

Dada anauza supu na chapati Temeke, kwenye fremu ya barabarani, kuanzia alfajiri. Mwaka huu kijana mmoja alifungua supu yake ng'ambo ya barabara, na wabebaji mizigo wanaowahi zamu bandarini wakaanza kuhamia huko. Ukiwauliza kwa nini, jibu lilikuwa lilelile: "Foleni ya sista haiendi. Mie geti linafungwa saa moja." Wale ndio wanaomalizaga sufuria la pili. Bila sufuria la pili kodi ya fremu haitimii, na mwenye fremu alishaanza kupita pale akiupima mlango kwa macho.

"Wewe si ulisomea mambo ya foleni?" dada akaniambia. "Haya, nisaidie."

Kweli nilisomea. Mie nauza spea za pikipiki, ila mwaka juzi nilijiandikisha kozi ya jioni ya biashara, na somo pekee lililoniingia ni nadharia ya foleni. Ni kitu chepesi. Tazama watu wanaingia kwa kasi gani, halafu tazama unawahudumia kwa kasi gani. Wakiingia haraka kuliko wanavyotoka, foleni haitaisha hata uisomee dua.

Nikaweka kigoda pembeni ya jiko, nikavua saa nikaishika mkononi, nikahesabu asubuhi mbili, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa siiamini. Mteja mmoja aliingia kila dakika mbili. Kuteka supu, kukamulia ndimu, kuweka chapati na kurudisha chenji vilichukua sekunde arobaini. Hapo dada ni mashine. Lakini kila mteja alisimama mbele ya sufuria dakika mbili na robo. Hizo zilizozidi zinaliwa na nani? Nikasogea kusikiliza. Zamu ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, jirani yetu wa mtaa wa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mguu?"

"Jana ulitulia, usiku ukaanza tena."

"Uliukanda kwa maji ya chumvi kama nilivyokwambia?"

"Chumvi iliisha."

"Aa, mzee na wewe! Na binti yako wa Kimara, kapiga simu?"

Nyuma ya mzee walisimama watu tisa, wawili wakitazama ng'ambo. Sekunde tisini na tano za salamu kwa kila kichwa! Nilishtuka mpaka saa ikaniponyoka, ikatumbukia sufuriani. Dada akaiopoa kwa upawa, akaniangalia, akamgeukia anayefuata na kumuuliza habari za mtoto.

Mchana nikampa majibu. "Supu yako haina tatizo. Tatizo ni salamu. Mtu akifika, muulize 'ngapi?' basi. Utabaki na dakika moja na sekunde ishirini za kukaa kati ya mteja na mteja."

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike."

Alinitazama kama nimemwambia apumzike kupumua. Lakini kodi ilikuwa inakaribia, akakubali. Nikafunga kamba yangu, watu wakasimama mstari.

Siku ya kwanza nusura nilie kwa furaha. "Ngapi?" "Mbili." "Haya." Foleni ikayeyuka. Wabebaji wanne walirudi kutoka ng'ambo, wakala, wakawahi geti. Nikajipongeza kwa chapati ya tatu.

Siku ya pili minong'ono ikaanza. Dereva mmoja wa bodaboda alinivuta shati. "Braza, sista kaninunia? Juzi nilimtania kwamba chapati zake zinafaa kuzibia pancha. Ulikuwa utani tu!"

"Hajanuna. Ni utaratibu mpya."

"Utaratibu wa kununa?"

Siku ya tatu foleni haikuwepo kabisa, kwa sababu wateja hawakuwepo. Nadharia haikusema uongo. Walikuja wale wanne wa bandarini peke yao, na waliobaki tuliwaona ng'ambo, wanakunywa supu huku wanatutazama kwa huruma. Sufuria la kwanza lenyewe halikuisha.

Jioni tukasikia hodi nyumbani. Wakaingia watu saba, mzee wa mguu mbele, dereva wa bodaboda nyuma kabeba sukari kilo mbili. Wakakaa mkekani, wakainamisha vichwa.

"Tumekuja kutoa pole," mzee akasema.

"Pole ya nini?" dada akauliza.

"Hatujui. Ndiyo tumekuja kuuliza. Nani kafariki?"

Dada akaninyooshea kidole. "Hajafa mtu. Ni hesabu za huyu."

Kisha akaanza kufidia salamu za siku tatu, kichwa kwa kichwa. Mguu, mtoto, mkwe, paa linalovuja. Saa sikuwa nayo, na sikuihitaji. Mzee alipofikiwa akasema, "Mwanangu, sikufichi. Supu ya yule kijana ni tamu kuliko yako. Ila hajawahi kuniuliza mguu."

Kesho yake salamu zilirudi, na foleni nayo. Nikasema nitumie akili: nisimame mie kwenye kamba niwasalimie wakiwa wanasubiri, wakifika kwa dada wawe wameshasalimiwa.

"Shikamoo, mzee. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Unauliza wewe kama nani?"

Akaninyima habari za mguu, akaenda kuzitoa kwa dada, na juu yake akaongeza malalamiko kuhusu mie. Dakika mbili na robo zikawa tatu. Hapo ndipo chapati zangu za bure zilipokatwa.

Usiniambie tuongeze mtu wa kuteka supu. Tulimweka jirani mwingine na sufuria lake. Watu wote walipanga mstari wa dada, jirani akabaki kufukuza nzi.

Wale wanne wameshavuka tena barabara. Mwenye fremu anakuja mwisho wa mwezi, na dada ameniambia anawataka wote, wa geti na wa mguu, na mie niliyeanzisha ndiye nitakayemaliza. Nimehesabu tena, mara mbili, na jibu ni lilelile. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama unajua namna ya kumwahisha mbebaji geti la saa moja bila kumkatisha mzee habari za mguu wake, naomba ushauri. Njoo asubuhi, fuata kamba. Ila ukifika mbele usianze na ushauri. Mwamkie dada kwanza.