Sinema Aliyoibeba Baba Kooni

Baba alihamia kwetu mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, akiwa na sanduku moja na kikohozi. Wakati huo nilikuwa nasuka nywele Rosettenville, na jioni nikirudi nilikuwa nikimkuta sebuleni akimsimulia binti yangu sinema ileile moja. Ujanani mwake, kwenye kambi ya mgodi huko Lubumbashi, mapadri walikuwa wakiwaonyesha wafanyakazi sinema za makaboi, nyingine kuukuu mno, hazina sauti kabisa. Baba ndiye aliyesimama kando ya shuka jeupe, fimbo mkononi, akizisemea kwa Kiswahili. Mjane, jambazi, hata farasi, wote walizungumza kwa mdomo wake.

Sinema aliyoipenda kuliko zote ilimhusu kaboi aliyeokoa shamba la mjane, kisha mwishoni akapanda farasi na kwenda zake bila hata kugeuka. Watu wa kambini walikataa katakata. Mwanamume gani anakula chakula cha mwanamke msimu mzima, halafu anaondoka bila kujitambulisha kwa wakwe? Wanawake walilia, wanaume wakarusha maganda ya karanga kwenye shuka. Padri alikuwa karibu kuzima mashine Baba alipopaza sauti: "Bamama, musilie! Anaenda tu kutafuta dot. Atarudia siku ya mposho!" Dot ni mahari, na siku ya mposho ndiyo siku ambayo mgodi uligawa unga, hakuna mtu aliyewahi kuikosa. Watu wakaenda nyumbani wameridhika. Tangu hapo hakuimaliza vingine.

Binti yangu husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, jambo linaloniudhi mpaka leo. Siku moja mwaka 2017 aliitafuta sinema hiyo kwenye simu, akanifuata jikoni kuninong'oneza kwamba imepotea, hakuna kopi hata moja iliyobaki duniani. Babu mwenyewe, ambaye tukimwita kula hasikii, hilo alilisikia. Akacheka hadi akakohoa.

"Haiyapotea," alisema, akagusa koo lake. "Iko huku."

Koo hilohilo ndilo lililokuwa likimuua. Daktari alisema uvimbe lazima ukatwe, na sauti itaondoka nao. Baba hakuogopa kisu. Aliogopa kuamka bubu, yeye ambaye hata kutafuna hakukumzuia kuzungumza.

"Nikinyamaza, ile sinema itakufa," aliniambia.

"Na ife!" nilimfokea. "Mimi nakutaka wewe."

Nilimpenda mno kiasi cha kutomwonea huruma. Alikubali, lakini alininunia njia nzima hadi hospitali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipoweza kuketi kitandani nilimpeleka binti yangu, akasimama pale na sare yake ya shule asijue la kumwambia babu asiyeweza kumjibu. Baba akamtazama, akatabasamu, akainua mikono. Akausimamisha mto: huyo mjane. Vidole viwili vikaja mbio juu ya blanketi: huyo farasi. Kisha akanigeukia na kuningoja.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni bila kuisimulia hata siku moja. Nikaanza, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti kubwa, nikiiga hata milio ya risasi. Mzee Mzulu wa kitanda cha pili akaweka chini kikombe chake cha chai atutazame, ingawa hakuelewa neno.

Ukafika mwisho. Vidole vya Baba vikauacha mto, vikaanza kwenda polepole kuelekea ukingo wa blanketi. Nilijua maneno ya kusema, lakini machozi yakanitangulia mbele za watu.

"Mama, usilie," binti yangu akasema, kwa Kiswahili cha babu yake. "Anaenda tu kutafuta dot. Atarudia siku ya mposho."

Vidole vikasimama ukingoni. Vikageuka, vikarudi mbio hadi kwenye mkono wa binti yangu.