Shokapu za Pikipiki ya Kaka

Kaka yangu alipofariki, kikao cha ukoo kilinipa pikipiki yake. Kabla ya kaka ilikuwa ya baba, chuma kitupu, ilisomba kahawa kata ya Ruanda hata sijaanza shule. Kaka aligonga nayo ukingo wa mawe wa kalavati kwenye kona, akitoka Msangano na mchele, jioni, peke yake.

Nilianza na shokapu za mbele. Nilichomoa bomba zake, nikaziviringisha moja moja juu ya kioo cha dirisha. Zote zilirukaruka. Zilikuwa zimepinda kurudi nyuma, sawasawa. Rimu ya mbele ilibonyea mahali pamoja, na spoki za hapo nilizitingisha kwa kidole. Aliligonga jiwe uso kwa uso, usukani umenyooka.

Baba mdogo alikuwa ameketi juu ya ndoo akinitazama.

"Unaipima kama mgonjwa," alisema. "Hiyo ilishakufa na mwenyewe. Alilala, akagonga. Unatafuta nini tena?"

Shemeji, mke wa kaka, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Mikono yake ilisimama. Siku ile ndiye aliyempigia kaka simu kwamba mtoto ana homa, asilale Msangano, arudi tu. Hakuna aliyemlaumu, lakini kila liliposemwa neno hilo, kwamba alilala, aliinamisha kichwa.

"Shemeji," aliniambia, "chuma kinaweza kuonyesha kama mtu alikuwa macho?"

"Shokapu haziwezi," nilijibu. Aliyesinzia naye huenda moja kwa moja.

Pikipiki ilikuwa imeoshwa. Kwetu chombo kilichomwaga damu hakiingizwi uani hivi hivi, na wazee waliisugua mtoni hadi tope la mwisho. Nilibaki na yale ambayo maji hayaondoi. Nilizungusha gurudumu la nyuma kukagua rimu. Haikuyumba. Lakini kwenye tairi kilipita kipande bapa, kipana kama kiganja, mpira umelika hadi nyuzi. Nililisimamisha gurudumu, nikaweka kiganja pale. Mpira hauliki hivyo kwa mtu kushtuka dakika ya mwisho. Ni mburuzo mrefu, breki imekaba.

"Alikanyaga breki mbali, kabla ya jiwe," nilisema. "Hakulala."

Shemeji aliweka ungo chini, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Baba mdogo alingoja mpaka akatulia.

"Sasa alimfungia nani breki?" aliuliza, taratibu. "Waliomwokota hawakukuta mtu pale. Hata ng'ombe."

Shemeji aliuokota ungo wake.

Shokapu na rimu nilitafuta nyingine Tunduma mjini, na pikipiki inatembea. Nikitoka Msangano, nikikaribia lile kalavati, mguu hukanyaga breki kabla sijaamua. Nikifika nyumbani shemeji hunitazama usoni kwanza, ndipo anipokee mzigo. Namwambia barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu wala ng'ombe.